Nyundo ya Upande wa Pili

Asiyetaka kuniamini aondoke sasa hivi, mlango haujafungwa. Mimi si mtu wa hadithi. Nimekuwa fundi wa magari tangu ndevu hazijaniota, na fundi husema anachokiona: nati hii imelegea, bushi ile imekwisha, lete nyingine. Basi na hili nnalokwambia ni vivyo hivyo. Nililiona kwa macho yangu, na nililitilia kahawa kwa mkono wangu huu. Wallahi.

Ilikuwa mwaka sitini na nane, Sib, huku Oman. Usiifikirie Sib ya leo, ya mataa na maduka. Sib ya wakati ule ilikuwa mchanga, mitende na nyumba za makuti, na sisi tuliotoka Unguja tulikuwa wa kuhesabika. Tulifika na nguo tulizovaa, baada ya mambo ya sitini na nne. Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu, mimi, na Zuwena, mke wa kaka yangu.

Kaka yangu aliitwa Nasor. Kanizidi miaka mitano. Tulikuwa gereji moja pale Mlandege, Unguja, na kila ninachokijua katika kazi hii yeye ndiye aliyenifundisha, kwa makofi na kwa mzaha. Siku tuliyopanda meli alikuwa nyuma yetu bandarini, kashika mfuko wa nguo za mama. Nikageuka kumshika mama mkono apande. Nilipotazama nyuma tena, mfuko uko chini, Nasor hayupo. Nikaita, nikaita, watu wanasukumana, meli ikaondoka. Tangu siku ile hapana barua, hapana salamu, hapana mtu aliyemwona akiwa hai wala aliyemwona akiwa maiti.

Unaijua adhabu ya kitu kama hicho? Aliyefiwa hulia, akachoka, akanyamaza. Sisi tulikuwa hatujui tulie au tungoje. Ukiwekwa wali mezani, mama anaangalia mlango. Mtu akipiga hodi, Zuwena anasimama.

Na Zuwena ndiye aliyeumia zaidi. Mke si mke, mjane si mjane. Kadhi alikuwa ametuambia kuwa mume akipotea asijulikane alipo, mkewe asubiri miaka minne. Ikipita bila ya khabari yoyote, kadhi humhukumia yule mume kuwa kafa, mke hukaa eda yake, na baada ya hapo yuko huru. Ile miaka minne ikatimia. Mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu mtoto wa watu tutamwacha aende wapi? Akisha eda yake, umwoe wewe. Asitoke nyumbani kwetu."

Nikajifanya nafikiri. "Kama utakavyo, mama."

Nimesema nilijifanya. Skufichi, mimi Zuwena nilikuwa nampenda. Ilianza lini sijui, na nilikuwa najionea haya mwenyewe. Na Nasor nilikuwa namtamani arudi, kila siku ya Mungu, mpaka nikiota nasikia anafoka gereji. Yote mawili yalikuwa kweli, ndani ya kifua kimoja. Wewe ungeweza kuyapatanisha? Mimi nilishindwa.

Basi tukapanga, Jumamosi twende Maskati kwa kadhi. Gari lilikuwepo, pikapu ya Kimarekani ya tajiri mmoja niliyekuwa nikimwendeshea, kuchukulia ndimu na tende kupeleka Matrah. Lakini mguu wake wa mbele, wa kulia, ulikuwa mgonjwa. Ukikata kona unagonga, ko, ko, ko, na usukani unatetemeka mikononi. Boljointi zilikuwa zimekwisha. Boljointi ni kifundo cha chuma, kichwa chake duara kama goroli kubwa lililokaa ndani ya kikombe. Ziko mbili kila mguu, ya juu na ya chini, na ndizo zinazoushika mguu wa gari usikatike huku tairi inageuka kushoto na kulia. Ikichomoka moja, tairi hulala, na wewe unakwenda inakotaka gari. Na njia ya Maskati wakati ule ilikuwa mabonde ya mawe matupu, upite Mawaleh, ufike Ruwi, halafu ule mlima wa kuingilia mjini, huku jabali na huku hewa. Kumpakia mama yangu na Zuwena katika gari lile? Thubutu! Tajiri alikuwa keshaniagizia boljointi mpya, zimekuja kwa meli, zimefungwa karatasi ya mafuta. Kazi ilikuwa kuzitia.

Nikaianza Ijumaa baada ya sala, hapo hapo uwani kwetu. Utasema, mchana wa Ijumaa, jua la utosi, joto la Oman, nani anafanya kazi? Mtu mwenye safari ya kesho asubuhi. Mtaa mzima ulikuwa umelala. Mama kalala. Zuwena yumo chumbani kwake, mlango kaurudisha. Mlango wa uwa nimeutia komeo, kuku wasitoke. Utotoni tulikuwa tukikatazwa kutoka saa saba ya mchana, tukiambiwa ndiyo saa wanayopita wasioonekana. Lakini mtu mzima na kazi yake anakumbuka hayo?

Sasa hapa, aliye fundi atanifahamu, asiye fundi anivumilie kidogo. Unaliinua gari kwa jeki, unaegemeza magogo chini ya mkono wa chini, yaani lile pao la chuma linaloushika mguu wa gari, kwa sababu springi imebanwa pale, ikifyatuka inavunja mtu mguu. Unatoa tairi. Unalegeza nati ya boljointi lakini huitoi, unaiacha izunguke mara tatu nne tu, iushike mkono. Halafu kazi yenyewe: boljointi imekwama ndani ya tundu lake, imeshikana kwa miaka. Huipigi kichwani, utaiharibu. Unalipiga lile tundu ubavuni, kwa nyundo mbili, kushoto na kulia, kwa wakati mmoja. Watu wawili. Nyundo zikikutana sawasawa, chuma hushtuka na boljointi huachia. Mmoja akichelewa hata kidogo, haitoki ng'o.

Mimi na Nasor hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu. Mafundi wengine wanahesabu, moja, mbili, tatu. Nasor hakuhesabu. Alikuwa akivuta pumzi kwa puani, fff, na mimi nikiisikia tu, mkono umeshashuka. Watu walikuwa wakija kututazama.

Na siku ile ya Sib, mjinga mimi, niko peke yangu, na nyundo mbili nimeziweka chini. Kila nikitoa vyombo nilikuwa nikitoa nyundo mbili. Miaka minne mazoea hayajanitoka.

Nikapiga kwa nyundo moja. Nikapiga mpaka mkono ukaingia ganzi. Nikatia mafuta, nikapiga tena. Nikaitukana ile boljointi kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kiarabu, ikaniangalia tu. Mwisho nikakaa chini kwenye vumbi na nikalia. Ndiyo, mwanamme mzima. Nikasema kwa sauti, "Kaka, ungekuwepo." Hayo tu.

Halafu nikajifuta, nikainua tena nyundo. Na upande wa pili wa mguu wa gari nikasikia: fff.

Nikapiga. Sikufikiri, mkono ulishuka wenyewe. Ukatoka mlio mmoja tu, wa nyundo mbili, paa! Na boljointi ikaachia.

Nikainama kutazama. Nasor kachutama pale, nyundo mkononi. Kavaa shati lake lile la mistari la siku ya bandarini, kola imeshonwa na Zuwena kwa uzi usiolingana. Hakuzeeka hata siku moja. Katika joto lile, usoni hana hata tone la jasho.

"Tuitoe ya juu sasa," akasema. "Lete tindo. Hizi ribiti hazitoki kwa kubembelezwa."

Utaniuliza mbona sikukimbia. Wewe ungemkimbia kaka yako? Wamanga, Waarabu wa huku, wana jina la mtu kama yule, humwita mghayabu: mtu aliyechukuliwa na wachawi, wenziwe wakadhani kafa, kumbe yuko mahali anatumikishwa, na siku moja huonekana. Wakati ule hayo nilikuwa siyajui, na ningeyajua nisingejali. Nilikuwa na furaha ya kitoto, na chini yake hofu. Nikaona nikifungua mdomo kumuuliza lolote, ataondoka. Basi nikaleta tindo.

Tukafanya kazi. Nnakwambia, sijapata kufanya kazi tamu kama ile, si kabla si baada. Tukakata ribiti, zile pini za chuma zinazoibana boljointi ya juu, tukatoa zile kuukuu, tukazitikisa, zinacheza kama jino bovu. Tukatia mpya, tukafunga kwa boliti.

"Bado unaishika spana kama kijiko cha uji," akaniambia.

"Na wewe bado huna kazi ila kunisema," nikamjibu.

Akacheka. Kicheko chake kile kile, cha kukoroma mwishoni. Nilikuwa nimekisahau. Nikamtazama mikono. Yangu ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko kwa grisi ya miaka. Ya kwake ilikuwa safi, kama mtu aliyetoka kutawadha.

Tukarudisha tairi, tukakaza, nikamkaribisha kivulini. Na hapa ndipo nilipoharibu, nisikilize vizuri. Miaka minne ya Oman ilikuwa imenifundisha adabu ya huku. Mgeni hupewa tende, kisha kahawa, na akishakunywa, mwenyeji humuuliza, "Al-ulum?" Yaani, nipe khabari. Na mgeni, hata kama katoka kumzika mwanawe, kwanza hujibu, "Ma shay ulum." Hapana khabari, kheri tupu. Halafu yeye naye humuuliza mwenyeji, na mwenyeji hujibu vivyo hivyo. Khabari yenyewe huja baadaye, taratibu, kama itakuja. Ni adabu nzuri, inampa mtu nafasi ya kupumua.

Nikamtilia kahawa kikombe cha kwanza. Nikamtilia cha pili. Nikamtilia cha tatu. Muda wote huo mimi hakunitazama. Alikuwa ameukazia macho mlango wa chumba cha Zuwena, hapepesi. Hatua kumi na tano hazikufika baina yake na mlango ule. Nilikuwa naweza kumwambia, Zuwena yumo ndani, nimwite? Nilikuwa naweza kumuuliza, kaka, u hai au umekufa? Kesho tunakwenda kukuhukumia kifo, niambie!

Badala yake nikamuuliza kama ninayemuuliza mchuuzi wa ndimu: "Al-ulum?"

Akakitikisa kikombe, kama wanavyokitikisa wenyeji wa huku mtu akitosheka, yeye ambaye Oman hakuwahi kuikanyaga maishani mwake. Akajibu, "Ma shay ulum." Halafu akanigeukia. "Na wewe? Al-ulum?"

Gari lile pale, limetengenezwa kwa mkono wake, la kumpeleka mkewe akafanywe mjane. Na mimi nikamjibu, "Ma shay ulum, kaka. Kheri tupu."

Yalikuwa mazoea? Nimejiambia hivyo miaka mingi, na ni uwongo. Nililichagua lile swali kwa sababu halina jawabu. Angesema yu hai, Zuwena ananitoka. Angesema kafa, Nasor ananitoka. Nilitaka kubaki nao wote wawili, japo kwa muda wa kahawa.

Akaweka kikombe chini. "Gari lako zima sasa," akasema. "Litafika." Akainuka, akapita nyuma ya pikapu, kama anayekwenda kutazama tairi nyingine. Nikangoja atokeze upande wa pili. Nikangoja. Nilipokwenda kumtazama, hapana mtu. Mlango wa uwa ulikuwa na komeo lake kwa ndani, kama nilivyolitia.

Jumamosi tukaenda Maskati. Gari liliteleza njia nzima, usukani mwepesi, haligongi hata mara moja, na kila lilipokata kona vizuri mimi roho ilikuwa inaniuma. Tukaliacha nje ya lango la mji, tukaingia kwa miguu. Kadhi alikuwa mzee mpole, macho yake mabovu. Akaniuliza mbele ya mashahidi, "Wewe ndugu yake. Tangu alipopotea, umemwona, au umepata khabari yake yoyote?"

Nikautazama mkeka. Zuwena alikuwa kakaa nyuma yangu pamoja na mama, namsikia anavyopumua.

"Hapana, sheikh," nikasema. "Hapana khabari."

Akaandika. Zuwena akakaa eda miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, nikamwoa.

Siku ya saba ya harusi yetu, asubuhi, alikuwa ananimiminia chai. Akasema bila ya kunitazama, "Siku ile ya gari nilimsikia."

Nikausogeza mkate karibu.

"Nilimjua kwa kicheko. Nikashika mlango nitoke, nikauachia. Nikasema, ntangoja anitaje. Akisema tu Zuwena yuko wapi, natoka mbio, sitafuti hata buibui. Nikangoja. Mkaulizana khabari nyinyi wanaume wawili, huyu akasema hapana, na huyu akasema hapana. Hapana aliyenitaja." Akaweka birika chini. "Nikajua mimi kwake si khabari tena. Ndiyo maana kwa kadhi na mimi nilinyamaza."

Umefahamu? Alikaa nyuma ya mlango akavunjika moyo kwa ile adabu yetu. Na mimi nilikuwa na neno moja la kumpa: mumeo hakuuacha mlango wako kwa macho. Neno hilo lingemponya. Na lingemchukua. Nikaichukua chai nikanywa.

Tukaishi. Tukapata watoto watatu. Baadaye mambo yalibadilika, nchi ikafunguka, watu wetu wakaja kwa mamia, kutoka Unguja, kutoka Mombasa, kutoka kila pembe. Kila aliyekuja tulimuuliza Nasor. Mama alikufa akiuliza. Hapana aliyejua. Zuwena hakunikosea hata siku moja, alinitunza, alinipikia, alinicheka nikikasirika ovyo. Lakini kulikuwa na mahali ndani yake ambapo taa ilizimwa, na aliyeizima nilikuwa mimi, nalijua hilo kila nikimtazama.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita, ndipo nikamwambia. Alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia yote: Nasor alikunywa kahawa bila ya kunitazama, macho yake yako mlangoni kwako, na mimi nilikuficha hayo kwa sababu nilikuwa nakutaka.

Hakuinua kichwa. Vidole vyake vikasimama juu ya mchele.

"Muda gani?" akaniuliza.

"Vikombe vitatu."

Akaliweka sinia chini, akaingia ndani. Nikamsikia analia, na kilio kile sijapata kukisikia, hata siku ya kadhi hakulia vile. Alipotoka alikuwa kaufuta wanja. Akaacha hina, akaacha udi, akatoa dhahabu zake zote, akavaa nguo zisizo na nakshi, akahamia chumba cha binti yetu mkubwa. Watoto wakaniuliza, mama ana nini? Niwaambie nini? Akakaa eda mara ya pili, mimi mumewe niko hai namtazama. Miezi minne na siku kumi, hakupunguza hata moja. Siku ya mwisho akaoga, akarudi chumbani kwetu, akaniuliza kama nataka chai.

Basi wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako aliyepotea, na siku moja jua la utosi ukamwona kachutama mbele yako, nakuonya: usimfanyie adabu. Tende zako ziache, kahawa yako iache. Muulize kile unachoogopa kukijua, umuulize kwa lugha mliyolelewa nayo, na aliye ndani mwite atoke nje, hata kama akitoka wewe utabaki mtupu. Mimi sikufanya hivyo. Na mpaka leo, na mvi zangu hizi, sijui kama nilimwoa mjane wa kaka yangu au nilimwoa mkewe.